Kumsaidia mtoto kulijibu shairi la "Chun Xiao"

Shairi hili, yaani "Alfajiri ya Machipuko", la Meng Haoran, mshairi wa China wa enzi ya Tang, lina mistari minne, kila mmoja herufi tano za Kichina. Msomee tafsiri mara mbili polepole, mara ya pili akiwa amefumba macho. Kisha muulize: umesikia nini? Hapo ndipo penye utamu, kwani mshairi haelezi alichokiona. Usingizi wa majira ya machipuko umemchukua hadi kumekucha; anasikia ndege kila upande, anakumbuka upepo na mvua ya usiku, anajiuliza ni maua mangapi yameanguka.

Kosa la kawaida ni kumpa mtoto rangi mara moja. Atachora jua na maua yaliyochanua, yaani shairi jingine kabisa. Kwanza ataje sauti tatu alizozisikia asubuhi kwao, ndipo aandike mistari minne mifupi, wa mwisho ukiwa swali. Mizani tano kwa kila mstari usimlazimishe: herufi ya Kichina ni silabi moja, ilhali "machipuko" peke yake ni nne. Wala usiulize "shairi linatufunza nini?" Atakujibu anachodhani unakitaka. Akiuliza nani atayaokota maua, andika swali lake lilivyo.