Kabla Hujaenda Chuo cha Wanyamapori: Maneno kwa Vijana wa Kigoma na Tabora

Matokeo ya kidato cha nne yakishatoka, vijana wa nyumbani Uvinza huanza kunipigia. Kwa wengine, mama zao ndio hupiga. Swali huwa moja: "Kaka, nataka kusomea wanyamapori, nianzie wapi?" Nimelijibu mara nyingi, nikiwa njiani au kazini, na mara nyingi nimekata simu nikakumbuka kwamba jambo lenyewe sijalisema. Leo naliandika lote.

Kwanza, jua unachokwenda kusomea, maana vyuo hivi havifanani. Pasiansi, pale Mwanza, huandaa zaidi askari wa wanyamapori: sheria, doria, silaha, kwata asubuhi. Mweka, chini ya Mlima Kilimanjaro, kilianza mwaka 1963 na kinafundisha usimamizi wa wanyamapori kuanzia cheti mpaka shahada. Likuyu Sekamaganga, kule Namtumbo, kazi yake kubwa ni uhifadhi wa jamii, wale askari wanaolinda maeneo ya vijiji. Na wewe wa Tabora, usikipite Chuo cha Nyuki kilichopo hapo hapo kwenu. Anayeutunza mti wa miombo kwa ajili ya mzinga anamtunza na swala palahala anayelala chini yake. Asiyependa amri wala kuamshwa saa kumi usiku asiende kwenye chuo cha kijeshi kwa sababu tu rafiki yake ameenda.

Chuo kikiwa kigeni kwako, tafuta jina lake kwenye orodha ya NACTVET, baraza la taifa linalosajili vyuo vya ufundi, kisha tafuta na kozi yenyewe. Chuo kinaweza kuwa kimesajiliwa na kozi unayouziwa isiwe imesajiliwa.

Biolojia na Jiografia usizichezee. Alama zinazotakiwa zisome kwenye mwongozo wa udahili wa mwaka huo huo unaoomba, usisikilize alama za kaka yako wa miaka mitano iliyopita.

Ada uliyoiona kwenye maelekezo ya kujiunga siyo gharama yote. Kuna sare, buti, godoro, chandarua, bima ya afya, nauli ya kwenda na kurudi, na kuna fildi. Fildi ndiyo inayoangusha watu. Mzazi ameuza mahindi, amelipa muhula, anadhani amemaliza, halafu mtoto anapiga simu kwamba wiki ijayo wanaingia porini na anatakiwa awe na begi la kulalia, tochi, koti la mvua na hela ya chakula. Iwekeni pembeni tangu siku mnayolipa ada.

Anza kutembea sasa. Sisemi mazoezi ya uwanjani, nasema kutembea na mzigo mgongoni, kilomita kumi na tano, jua likiwaka. Vijana wengi huwaza kuona tembo kutoka kwenye gari la wazi, kama walivyoona kwenye televisheni. Hifadhi zetu za Kigoma, Gombe na Mahale, unafika kwa boti, na sokwe unamfuata kwa miguu, mlima unapanda, korongo unashuka, unapanda tena. Buti zako zivae nyumbani mwezi mzima kabla ya kuondoka, mpaka zikuzoee. Buti mpya kwenye doria ya siku tatu zitakuchubua mpaka ushindwe kusimama.

Usiokote kumbukumbu. Unyoya, jino, fuvu la nungunungu, ganda la yai: kwa Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 sehemu ya mnyama pori ni nyara, na kuimiliki bila kibali ni kosa. Utakuwa mwanafunzi wa sheria hiyo na mshitakiwa wake kwa pamoja. Picha za tembo au za wenzako wakiwa doria usizirushe mtandaoni zikionyesha mahali mlipo. Jangili naye ana simu.

Sasa jambo lenyewe. Kwenye maelekezo ya kujiunga utakuta fomu ya uchunguzi wa afya. Unaipeleka hospitali ya serikali, daktari anapima, anagonga mhuri, unaisahau. Mimi nakwambia hiyo fomu ni mwanzo tu. Kabla hujaondoka nyumbani, kaa na mzazi wako mkubaliane kwa maneno ya wazi kwamba ukiumwa utasema, hata kama kusema kutakugharimu mtihani, hata kama kutagharimu mwaka. Mimi na rafiki yangu hatukuwa na makubaliano hayo, wala yeye na mama yake.

Tulikuwa mwaka wa pili. Tulikwenda fildi ya wiki tatu kwenye miombo ya Ugalla, na tulilala hema moja, mimi na yeye, kijana wa Kasulu, mtu wa kazi, ambaye miti aliijua kwa majina ya Kiha kabla hajayajua ya Kilatini. Mkufunzi alikuwa ametuonya kuhusu mbung'o, inzi wanaofyonza damu, ambao Tabora wengi huwaita ndorobo. Alituonyesha vitambaa vya bluu na vyeusi vilivyotundikwa porini kuwanasa, akaeleza kwamba rangi hizo ndizo zinazowavuta, kwa hiyo tuvae kaki au kijani kibichi kilichofifia. Rafiki yangu alikuwa na koti moja tu zito, la bluu iliyokoza, alilopewa na mjomba wake. Asubuhi za mwezi wa saba Ugalla ni baridi. Alilivaa. Gari likitembea, mbung'o walilifuata kama nyuki, wakiingia walimwendea yeye. Alichomwa shingoni, mikononi, hata juu ya nguo. Siku chache baadaye sehemu moja ya shingo ilivimba ikawa kama jipu gumu, jekundu. Tukasema ni mwiba.

Tulirudi chuoni. Homa ikaanza, kichwa kikamgonga, viungo vikauma. Mitihani ilikuwa karibu, na ukikosa vipindi kupita kiasi unarudia moduli kwa ada mpya. Mama yake anauza mawese kwa chupa sokoni. Akaniambia, "Usimwambie mtu. Ada hii mama ameilipa mara moja, hawezi kuilipa mara ya pili." Nikakubali. Nilikwenda duka la dawa, nikanunua dawa mseto ya malaria na za maumivu. Nilimfulia, nikamchotea maji, nikamfanyia zamu ya usafi ili asionekane. Nilijiona rafiki mwema kweli kweli.

Alipata nafuu siku mbili, homa ikarudi. Tukanunua dawa tena. Baada ya wiki kadhaa alianza kusinzia darasani mchana, na usiku anakaa macho kwenye kitanda, anaongea maneno yasiyofuatana. Alikuwa mpole, akawa mkali kwa vitu vidogo. Jioni moja alitoka bwalo la chakula akashindwa kulikumbuka bweni letu, hatua mia mbili tu. Nilimkuta amesimama chini ya mti, analia. Hapo ndipo nilipokwenda kwa mkufunzi wa zamu, nikasema kila kitu.

Hospitalini kipimo cha malaria kilionyesha hana. Daktari aliuliza swali moja ambalo duka la dawa halikutuuliza: "Mlikuwa wapi mwezi uliopita?" Nikasema Ugalla. Akamwita mtaalamu wa maabara, damu ikawekwa chini ya hadubini, na vijidudu vya malale, ugonjwa unaoletwa na mbung'o, vikaonekana vinacheza. Wakamchoma sindano ya uti wa mgongo kuona kama vimeingia kwenye ubongo. Vilikuwa vimeshaingia.

Alipona, namshukuru Mungu. Lakini matibabu yalikuwa marefu na ya mateso, akapoteza mwaka mzima wa masomo, ule ule aliokuwa anaulinda kwa kuficha. Mama yake alikuja kutoka Kasulu kwa basi, amebeba dumu la mawese kwa ajili ya kutushukuru sisi wenzake. Akanikuta kwenye benchi la wodi. "Mwanangu, ulikuwa unajua?" Nikamjibu, "Nilijua ana homa, mama." Hakusema lingine. Miaka imepita, yule kijana sasa yuko kazini na tunaongea, lakini ile sauti ya mama bado naisikia.

Kwa hiyo shika haya. Nguo za porini ziwe kaki au kijani kilichofifia, mikono mirefu, kitambaa kizito. Za bluu na nyeusi ziache nyumbani hata kama huna nyingine. Azima. Mbung'o huuma mchana, chandarua hakikusaidii kwake, ingawa kwa mbu wa malaria utakihitaji kila usiku. Si kila mbung'o anayebeba malale, na wengi huumwa wasiugue, kwa hiyo usikimbie kozi kwa hofu. Lakini hakuna chanjo. Ukiona uvimbe mgumu pale alipokuuma, au homa baada ya kutoka porini, nenda hospitali, na sentensi yako ya kwanza iwe jina la pori ulilotoka. Ukipewa dawa ya malaria bila kupimwa, kataa kwa heshima, omba kipimo. Homa ikirudi, rudi.

Ugonjwa huu ni wa kwetu. Miaka ya 1920 na 1930 Waingereza waliwahamisha wazee wetu wa Buha na wa Tabora, wakawakusanya kwenye makazi maalumu ili kuwaepusha na malale. Uliza bibi yako. Mpaka leo kituo cha Tabora cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu kinajulikana kwa kazi ya malale. Mtoto wa mikoa hii hana sababu ya kufika chuoni akiwa hajalisikia jina.

Na kuficha ugonjwa kunaua hata wasio watu. Mwaka 1966, miaka sita tu baada ya mtafiti wa sokwe Jane Goodall kuanza kazi Gombe, sokwe wa pale walipatwa na ugonjwa wa polio, wengine wakafa, wengine wakalemaa mikono na miguu. Mafua yako ya kawaida yanaweza kummaliza sokwe, kwa sababu mwili wake ni jirani sana na wako. Ndiyo maana watu huambiwa wakae mbali naye, wavae barakoa, na mwenye kikohozi abaki chini. Siku utakapopangwa kupanda na kifua kinakubana, sema, ubaki. Utaonekana mvivu kwa siku moja tu.

Kuhusu ajira, usiahidiwe na mtu. TANAPA (hifadhi za taifa), TAWA (wanyamapori nje ya hifadhi za taifa), TFS (misitu) na Mamlaka ya Ngorongoro huajiri kwa nafasi zinazotangazwa, na waombaji ni wengi kuliko nafasi. Anayekuomba pesa akuingize ni mwizi. Angalia na kazi za karibu: jumuiya za hifadhi za Ipole kule Sikonge na Uyumbu kule Urambo, au walinzi wa misitu ya vijiji vya Kigoma wanaorekodi uharibifu kwa simu. Jifunze udereva na kuogelea ukiwa bado nyumbani. Ukikulia kando ya Ziwa Tanganyika hujui kuogelea, anza wiki hii.

Mengine ni ya kila siku. Kung'uta buti asubuhi kabla hujaingiza mguu. Usinywe maji ya bwawa kwa sababu mwenzako amekunywa. Usiachane na kundi hata kwenda haja bila kumwambia mtu. Usilale karibu na njia ya kiboko. Asali usiifuate peke yako. Beba namba za nyumbani kwenye karatasi, simu hufa. Na kwenye jalada la ndani la daftari lako la fildi andika tarehe ya kuingia porini, tarehe ya kutoka, na jina la pori, kwa herufi kubwa, ili ukifikishwa hospitali huwezi kuongea, anayekubeba aweze kulifungua akasoma.