Gari ya mileji kubwa inachemsha? Kabla ununue spea, jua inachemsha ukiwa wapi

Gari ikishapita kilomita laki mbili na kitu alafu ianze kuchemsha, kila mtu anageuka fundi. Mmoja anasema ni rejeta, mwingine waterpampu, wa tatu ashashika spana anatafuta thamostati (kale kamlango kanakofunguka maji yakipata moto ili yaende kwa rejeta) aitoe aitupe, na wewe unatoa pesa tu na geji bado inapanda. Hebu tulia ujibu hili kwanza: inachemsha ukiwa kwa jam ya Kondele, ama ukipanda kutoka Salgaa kuelekea Mau Summit, ama popote tu, hata asubuhi ukitoka kwa geti? Hizo ni shida tatu tofauti.

Anza na maji, injini ikiwa imepoa kabisa, yaani imelala usiku. Fungua kifuniko cha rejeta yenyewe, usiangalie tu ule mtungi wa plastiki wa pembeni, kwa sababu mtungi unaweza kuwa umejaa na rejeta iko nusu. Ikiwa moto usiguse hicho kifuniko, hata na kitambaa, maji yatakurukia uso. Na kuna kitu madereva wengi hawajui: maji yakiisha kabisa sindano ya geji inaweza kushuka badala ya kupanda, maana sensa haiguswi tena na maji, kwa hivyo ukiona sindano imeanguka ghafla na hita inapuliza baridi, simama hapo hapo uzime.

Hicho kifuniko watu hukidharau sana. Nakuru iko karibu mita 1,850 juu ya bahari, na hapo maji kwa sufuria ya wazi yanachemka kwa kama digrii 94, Kisumu kama 96. Injini nayo inafanya kazi karibu na hapo hapo. Kinachozuia maji yasichemke ni presha inayoshikiliwa na kifuniko, kile kimeandikwa 0.9, yaani presha ya bar 0.9, kinasukuma hadi karibu digrii 115. Raba yake ikikauka au springi ikilegea, gari inatapika maji kwa mtungi na unaanza kulaumu gasketi ya hedi, ile inayoziba kati ya hedi na bloku ya injini. Badilisha, ni moja ya spea rahisi kwa gari yote, ila soma ile namba juu ununue inayofanana.

Sasa kama inachemsha kwa jam na ukipata barabara wazi inapoa, hiyo ni feni karibu kila mara. Washa injini, weka AC, uangalie kama feni inazunguka. Haizunguki? Cheki fyuzi, relei, alafu mota. Toyota nyingi za zamani, ukichomoa plagi ya swichi ya feni (ile inayohisi joto la maji) na ufunguo uko on, feni inafaa kuanza yenyewe. Ikianza, mota na waya ziko sawa, swichi ndio imekufa. Vidole viwe mbali, hiyo kitu haikuonyi.

Ikichemsha kwa mlima au ukikimbia, hapo feni mara nyingi haina makosa, maji ndio hayazunguki ya kutosha au rejeta haipoeshi. Ukitoka Ahero kupanda Kericho unapanda karibu kilomita nzima kwenda juu, na ndio mahali rejeta iliyoziba hujulikana. Angalia kwanza nje, kati ya rejeta na ile ya AC, utapata majani, tope na wale wadudu wa ziwani kama unaishi Kisumu. Osha kwa maji ya presha ndogo kutoka upande wa injini, presha ya kazwashi inakunja yale mapezi. Kuziba kwa ndani ni kazi ya maji ya kisima yenye chumvi, yanaacha ukoko kama wa birika. Injini ikipata joto lake, zima, chomoa plagi ya mota ya feni, upitishe mkono juu ya rejeta polepole: mahali pako baridi na kwingine kunachoma, hapo pameziba.

Paipu ya juu ya rejeta ikiwa moto sana na ya chini baridi, thamostati pia ni mshukiwa. Itoe uipime, iweke kwa sufuria ya maji jikoni, nyingi hufunguka kwa kama digrii 82, kwa hivyo hata huku kwetu juu inafaa ifunguke kabla maji yachemke. Isipofunguka nunua nyingine. Lakini hii tabia ya kuitoa na kufunga bila, mimi siikubali hata kidogo. Injini inakaa baridi, inakunywa mafuta, inalika mapema, na shida yenyewe inabaki imejificha mpaka siku ya safari. Waterpampu nayo angalia katundu kadogo chini yake kama kanadondosha maji, na usikilize kama inalia.

Ya mwisho ndio ya pesa. Maji yanapungua na huoni yakimwagika mahali, gari inachemsha popote: shuku gasketi ya hedi. Ikiwa baridi, acha rejeta wazi, washa, uangalie ndani. Mapovu yakija mfululizo yasiishe, au paipu ya juu ikawa ngumu dakika chache tu baada ya kuwasha, gesi ya silinda inaingia kwa maji. Moshi mweupe wenye harufu tamu, hiyo pia. Ute wa rangi ya chai ya maziwa chini ya kifuniko cha oili peke yake usikutishe, safari fupi za asubuhi ya baridi huleta hiyo, ila ukiuona kwa kijiti cha oili usiwashe tena. Na hedi ikitolewa, ipimwe kama imepinda na iskimiwe, yaani isawazishwe kwa mashine, kuweka gasketi mpya juu ya hedi iliyopinda ni kurudi kwa fundi.

Ukimaliza, jaza kulanti (ile dawa ya rejeta) iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji safi, simamisha gari pua ikiangalia juu, hita kwa moto kabisa, injini iungurume kifuniko kikiwa wazi hadi feni iwake na hewa itoke. Funga, ipoe, ongeza. Kesho yake asubuhi chora mstari kwa mtungi na kalamu ya maka, ikishuka chini ya hapo ndani ya wiki, bado kuna mahali inavuja.