Somo: Kurekebisha puli ya alteneta iliyokaa upande kwenye Toyota DX (injini ya 4K na 5K)

Mkanda wa feni ukikatika mara kwa mara au ukiruka kwenye puli (gurudumu lenye mfereji unamopita mkanda), usikimbilie duka la spea. Mara nyingi mkanda unaonewa tu. Angalia puli kwanza.

Somo hili ni la Corolla KE70, ile ambayo Kenya tunaiita DX, iliyoanza kutoka kiwandani mwaka 1979. Kwenye 4K mkanda mmoja wa V unazunguka puli tatu: ya krenki (mhimili mkuu wa injini), ya pampu ya maji ambayo pia imebeba feni, na ya alteneta, inayochaji betri. Gari la umri huu huwa limepita mikononi mwa mafundi wengi. Utakuta alteneta ya gari jingine, pampu isiyo yake, au injini nzima ya 5K iliyotolewa kwenye LiteAce. Hapo ndipo puli zinapoacha kufuatana kwenye mstari mmoja.

Dalili zake ni unga mweusi wa raba kwenye breketi, mkanda kulika upande mmoja kuliko wa pili, na mlio mkavu wa kukatika-katika kama wa kifaranga. Ukitaka uhakika, washa injini, simama mbali na feni, kisha nyunyizia mkanda maji kidogo kwa chupa ya kupulizia. Mlio ukinyamaza kisha ukarudi, puli hazijalingana. Mlio ukizidi, mkanda umelegea, na somo hili huenda hulihitaji.

Hatua ya 1. Zima injini, iache ipoe, toa temino ya hasi kwenye betri. Waya mnene wa nyuma ya alteneta una umeme hata funguo ikiwa mfukoni mwako.

Hatua ya 2. Toa mkanda. Shika kila puli uitikise, kisha izungushe kwa mkono. Ikicheza au ikikwaruza, beringi imekwisha, na hakuna washa (kile kipande bapa cha duara chenye tundu, kinachovaa bolti) itakayokusaidia. Badilisha beringi kwanza. Angalia pia ndani ya mfereji: mkanda wa V unashika kwa mbavu zake, haukai chini. Chini ya mfereji kukiwa kunang'aa, ama puli imelika ama mkanda si saizi yake.

Hatua ya 3, kupima. Hapa tutulie kidogo. Puli ya krenki ndiyo ya kupimia nyingine, kwa sababu yenyewe haina pa kusogea. Chukua rula ya chuma iliyonyooka, ilaze kwenye uso wa puli ya krenki ielekee kwenye alteneta. Wengi wakiona rula imegusa ukingo wa puli ya alteneta wanasema iko sawa, wanafunga. Huo si upimaji! Ukingo wa puli moja unaweza kuwa mnene kuliko wa nyingine, hasa alteneta ikiwa ya gari jingine. Kinachotakiwa kulingana ni mfereji. Pima kutoka kwenye rula hadi katikati ya mfereji wa krenki, uandike. Kisha, bila kuisogeza rula, pima hadi katikati ya mfereji wa alteneta. Krenki ikisoma milimita 11 na alteneta 14, alteneta imerudi nyuma kwa milimita 3. Kwa kila sentimita 30 kati ya puli na puli, mimi sikubali tofauti ya zaidi ya milimita 1.5.

Angalia pia kama puli imeinama. Uso wake ukiwa karibu na rula upande mmoja na mbali upande wa pili, tatizo ni bushi, tundu la bolti lililopanuka, au breketi iliyopinda.

Hatua ya 4. Legeza bolti ndefu ya chini inayoshika sikio la alteneta, yaani kile kipande kinachochomoza chenye tundu la bolti. Inayotakiwa kuja mbele iwekewe washa nyuma ya sikio, kati yake na breketi. Inayotakiwa kurudi iwekewe mbele. Tumia washa moja nene ya chuma kigumu badala ya kurundika tano nyembamba. Kisha nenda juu, kwenye ule mkono wenye tundu refu la kukazia mkanda. Ukiisogeza sehemu ya chini ya alteneta kwa milimita 3, na juu lazima uweke washa ya milimita 3. Ukiacha, siku utakapokaza bolti ya juu mkono utaivuta alteneta, puli itainama, na kazi yote ya chini itakuwa bure. Hili ndilo ninalolikuta limesahauliwa kuliko yote.

Hatua ya 5. Kaza kwa mkono, pima tena, kisha valisha mkanda mpya kwenye puli. Wa zamani umeshalika kwa kufuata upotofu. Ukiubonyeza kwa kidole gumba katikati ya sehemu ndefu, uingie kama milimita 10. Kaza bolti zote, rudisha temino, washa.

Maswali ya wanachama

Mwanachama, Nakuru: Mwalimu, fundi wangu anasema tuupinde tu mkono wa juu kwa nyundo. Inafaa?
Jibu: Hapana, ndugu. Utaisogeza sehemu ya juu peke yake, chini ibaki ilipo. Hapo puli inainama, na beringi ya alteneta itaumia.

Mwanachama, Tanga: Je, kuupaka mkanda sabuni ili mlio uishe?
Jibu: Mlio utanyamaza kwa muda, mkanda utaendelea kulika. Ukipaka grisi ni mbaya zaidi, inaharibu raba.

Mwanachama, Arusha: Shikamoo fundi. Yangu ni Corolla AE100. Alteneta iko sawa, ila puli ya krenki inayumba ikizunguka.
Jibu: Marahaba. Ichunguze kwa tochi. Puli za krenki zenye raba katikati, raba ikichoka duara la nje huachana na la ndani, likasogea mbele au likazunguka peke yake. Hiyo haiwekewi washa, inabadilishwa. Na usiiseti taimingi (wakati wa cheche za plagi) kwa alama iliyo kwenye duara la nje kabla hujaibadilisha, kwa sababu alama nayo imeshahama.

Mwanachama, Mombasa: Nikiweka washa nyuma ya puli ya alteneta yenyewe badala ya kwenye sikio?
Jibu: Inawezekana kwa milimita moja hivi, mradi nati ishike nyuzi zake zote ukikaza. Nati ikiwa haijajaa, toa washa, rudi kwenye sikio.