Seva ya nyumbani kwa laptopu iliyopasuka kioo

Ukienda kwa mafundi wa kompyuta Kariakoo, ulizia laptopu zilizopasuka kioo. Kioo kipya kinaweza kugharimu karibu sawa na mashine yenyewe, kwa hiyo mzigo huo huwa hauna wanunuzi na bei inapunguzika. Kwa seva, yaani kompyuta inayowaka muda wote ili watu wafungue tovuti yako, kioo si kitu. Utaazima runinga ya sebuleni wakati wa kusakinisha, basi.

Najua wengi hukimbilia kompyuta za mezani kwa sababu bei yake ni rahisi zaidi. Piga hesabu ya LUKU kwanza. Mashine ya mezani ya zama za Core 2 Duo inaweza kula wati 60 hata ikiwa imekaa tu. Ikiwaka saa 24 ni uniti 1.44 kwa siku, zaidi ya 43 kwa mwezi. Aliye kwenye D1, ile bei nafuu ya umeme ya uniti zisizozidi 75 kwa mwezi, ameshamaliza zaidi ya nusu kabla ya kuwasha friji. Laptopu ikila wati 15 inaishia uniti 11 hivi kwa mwezi. Tena ina betri ndani yake, na kwa umeme wetu huu, hilo pekee linatosha kuichagua.

Hatua ya 1: Kagua mashine hapo hapo dukani

Mwambie fundi aiunganishe kwenye skrini yake. Ingia BIOS (mipangilio ya msingi ya mashine), aghalabu kwa F1, F2 au F10. Ikidai nenosiri, iache. Mashine nyingi za mtumba zilitoka maofisini na nyingine bado zina kufuli la mmiliki wa zamani.

Tazama saa na tarehe. Ikisoma mwaka wa zamani sana, betri ndogo ya bodi imekufa. Ni CR2032 ya kawaida, ingawa kwenye laptopu nyingi huwa imefungwa kwenye waya wenye plagi. Badilisha, usipuuze: mashine isiyojua tarehe hukataa vyeti vya tovuti salama, na mara nyingine husahau mipangilio yote ya BIOS umeme ukiisha kabisa.

Geuza mashine, pitisha kidole juu ya betri kubwa. Ikiwa imevimba, hata kidogo, isiingie nyumbani kwako.

RAM ya GB 4 inatosha. Diski ya zamani ya kuzunguka itoe, weka SSD ya GB 120. Ukitaka kubana matumizi, bana kwingine.

Hatua ya 2: Sakinisha Debian

Debian ni mfumo endeshi wa bure wa Linux. Toleo la 13, lililotoka Agosti 2025, haina tena kisakinishi cha mashine za biti 32, kwa hiyo hakikisha yako ni ya biti 64. Pakua faili la netinst, yaani kisakinishi kidogo kinachovuta mengine mtandaoni (halifiki GB 1), liandike kwenye flashi, kisha washa laptopu ikiwa imeunganishwa kwa waya kwenye ruta.

Kuna sehemu mbili za kuwa makini. Kisakinishi kikiuliza nenosiri la root (msimamizi mkuu), acha wazi. Mtumiaji wako wa kwanza atapewa sudo, yaani ruhusa ya kutoa amri za msimamizi, moja kwa moja. Kwenye orodha ya programu, ondoa alama kwenye mazingira yote ya eneo-kazi, ubakize seva ya SSH (ya kuiendesha mashine kutoka kompyuta nyingine) na zana za kawaida tu.

Ikishawaka, andika `ip a` uone anwani yake, kisha ingia kwenye ruta, sehemu ya DHCP (inayogawa anwani), uifungie anwani hiyo isibadilike. Tuseme ni 192.168.1.50.

Hatua ya 3: Funga kifuniko bila kulala

Fungua `/etc/systemd/logind.conf`, tafuta mstari wa HandleLidSwitch, ondoa alama ya reli mbele yake, uandike:

`HandleLidSwitch=ignore`

Washa upya mashine. Sasa rudisha runinga ya watu. Mengine yote utafanya kwa SSH.

Hatua ya 4: Tovuti

`sudo apt install nginx unattended-upgrades`

nginx ndiyo inayowapa wageni kurasa za tovuti. Fungua http://192.168.1.50 kwenye simu iliyo kwenye Wi-Fi hiyo hiyo. Ukiona ukurasa wa makaribisho, weka index.html yako ndani ya `/var/www/html`. Programu ya pili hujiletea marekebisho ya usalama yenyewe.

Hatua ya 5: Kutoka nje

Wengi hukwama hapa wakidhani nginx ina tatizo. Tazama anwani ya WAN (upande wa intaneti) kwenye ruta, ulinganishe na ile inayoonekana ukiuliza anwani yako mtandaoni. Zikitofautiana, au ya ruta ikianzia kati ya 100.64 na 100.127, unashiriki anwani moja na wateja wengine wa kampuni yako ya intaneti. Ufungue mlango (port) gani kwenye ruta, hakuna atakayefika.

Ukiwa na anwani yako mwenyewe, elekeza milango 80 na 443 kwa 192.168.1.50, kisha sakinisha certbot, programu ya kuomba vyeti vya HTTPS, upate cheti cha bure cha Let's Encrypt. Mlango 22, wa SSH, usiufungue kwa dunia, hata ukiwa safarini.

Ukiwa unashiriki anwani, tumia Cloudflare Tunnel, njia inayopitisha wageni wako kwenye mitambo ya kampuni ya Cloudflare. Programu ya cloudflared kwenye laptopu ndiyo inayopiga simu kwenda nje, kwa hiyo ruta huigusi, na HTTPS inashughulikiwa huko huko. Unahitaji tu kikoa chako (jina la tovuti) kielekezwe kwenye seva za majina za Cloudflare. Mimi hupendelea njia hii hata pale ambapo anwani haishirikiwi na wengine.

Hatua ya 6: Jaribu giza

Zima swichi kuu ya nyumba, fungua tovuti kwa data ya simu. Laptopu iko hai, lakini ruta imezimika, na kisanduku cha faiba pia. Vyote viwili vinahitaji UPS (betri ya akiba) ndogo ya 12V (soma volti nyuma ya adapta zake kabla ya kununua).

Kisha acha laptopu imalize betri mpaka izime, urudishe umeme. Nyingi hazijiwashi. Kwenye ThinkPad tafuta mpangilio wa "Power On with AC Attach", kwenye Dell Latitude "Wake on AC". Model isiyo na mpangilio huo itakubidi uwe na mtu nyumbani wa kubonyeza kitufe, kwa hiyo uangalie ukiwa bado dukani, kabla hujatoa hela.