Mhimili wa CNC unarukaruka ukiusogeza kwa mkono: anza kwa kujua kosa liko upande gani

Kwenye mashine ya milingi ya CNC (inayoongozwa na kompyuta), kila tiki moja ya gurudumu la mkono inapaswa kusogeza meza kipimo kilekile. Meza ikitulia tiki tatu kisha ikaruka, ikatikisika hapohapo, au ikaenda upande usioutaka, usikimbilie namba za programu. Ukishabadilisha tatu nne bila kujua kosa liko wapi, utakuwa umejiongezea la pili.

Toa kisu kwenye spindo (shafti inayozungusha kisu), pandisha Z (mhimili wa juu na chini), weka kitufe cha dharura karibu na mkono. Kisha andika kwenye MDI (sehemu ya kontrola ya kuandika amri moja moja): G91 G1 X10 F300, halafu X-10. G91 husogeza kutoka pale mhimili ulipo, na F ni kasi kwa mm kwa dakika. Rudia kwa F30, kwa sababu kuna kasoro zinazoonekana kwenye mwendo wa polepole tu. Ukimaliza rudisha G90 (vipimo kutoka sifuri ya kazi), wengi husahau. Mwendo ukiwa laini mara zote, mota, draiva (kifaa kinachoipa mota umeme) na skrubu ziache kwanza. Kosa liko kwenye gurudumu, kebo yake au mpangilio wake.

Magurudumu mengi hutoa palsi 100 kwa mzunguko, kupitia njia mbili, A na B, zinazopishana robo ya palsi. Kontrola hujua upande kwa kuangalia ipi imetangulia. Njia moja ikikatika, kontrola haijui tena pa kwenda, na mhimili hubaki ukitetemeka mbele na nyuma. Kwa gurudumu la volti 5, pima kwa maltimita kati ya A na 0V, kisha B na 0V, huku ukizungusha polepole mno. Usomaji unapaswa kupanda na kushuka kati ya karibu 0 na karibu 5. Lisimamishe pia katikati ya tiki mbili, maana penye tiki mara nyingi usomaji ni uleule na utadhani limekufa.

Kuna jambo moja huonekana kama ubovu na si ubovu. Swichi ya hatua ya gurudumu ikiwa kwenye x100, tiki moja ni mm 0.1, yaani mzunguko mmoja ni mm 10. Ukizungusha mara mbili kwa sekunde unaomba mm 1200 kwa dakika. Mhimili uliowekewa kikomo cha 1000 utatupa palsi zilizozidi, au utaendelea kutembea baada ya mkono kusimama, kutegemea kontrola ilivyopangwa. Shuka hadi x10 ujaribu tena.

Kama MDI nayo inaleta matatizo, zima umeme, subiri taa za draiva zizimike kabisa, kisha badilishana plagi za mota za X na Y, ikiwa mota ni za aina moja na ampea zimewekwa sawa. Kamwe usichomoe mota draiva ikiwa na umeme; draiva inaweza kuungua papo hapo. Sasa amri ya X itasogeza Y, kwa hiyo angalia nafasi. Meza ya X ikiendelea kusumbua, kosa ni mota, kebo ya mota au mitambo. Tatizo likihamia kwenye meza ya Y, chunguza draiva ya X na nyaya za ishara zinazoiingia.

Mota ya stepa (inayozunguka hatua kwa hatua) yenye koili moja iliyokatika huunguruma, hutetemeka na huweza kuanza kwenda upande wowote. Chomoa plagi upande wa draiva, pima omu za koili zote mbili: zinapaswa kulingana, na kati ya koili na bodi ya mota kusiwe na usomaji wowote. Wakati unapima, kunjakunja kebo hasa pale inapopinda kila siku. Waya hukatika ndani, ganda la nje likabaki zima.

Kwenye mitambo, piga mstari wa maka pen kutoka kwenye shafti ya mota hadi kwenye kapulingi (kiungo kati ya mota na skrubu). Mstari ukiachana, skrubu ya kubana imelegea. Weka dayo geji (saa ya kupima mwendo mdogo) kwenye meza, sogeza mm 0.01 mara kumi. Sindano ikikaa, ikakaa, kisha ikaruka 0.04, meza inakwama: oili haifiki au kabari za njia zimebanwa mno.

Mhimili unaohama kidogokidogo kila unapogeuza upande mara nyingi una polariti ya palsi (upande wa ishara ambao draiva huhesabu kama hatua) iliyowekwa kinyume. Mota ya hatua 200 kwa mzunguko, kila hatua ikigawanywa hatua ndogo 8, skrubu ya mm 5 kwa mzunguko: hiyo ni palsi 320 kwa mm. Ikipotea moja kwa kila kwenda na kurudi, safari 50 hutoa karibu mm 0.16, zote upande mmoja. Mlegeo wa skrubu haujumlishiki hivyo.

Tatizo likija spindo inapowashwa tu, tenganisha kebo ya spindo na nyaya za ishara, na zikilazimika kukutana zipishane kwa pembe ya digrii 90. Kwenye kebo ya ishara, unganisha wavu wa kinga na ardhi upande mmoja tu, wa kontrola.

Hapo ndipo gusa programu: punguza mchapuko hadi nusu. Hatua zikiacha kupotea, mota ilikuwa ikizidiwa. Pima volti za pawa saplai mhimili ukianza kutembea kwa kasi, uone kama zinaanguka.