Pasaka Mji Mkongwe na watoto: ya kupanga kabla ya kupanda boti

Ijumaa Kuu, Jumamosi, Pasaka yenyewe, Jumatatu ya Pasaka. Siku nne mfululizo bila kazi wala shule, na kila mwaka zinapokaribia, nusu ya Dar es Salaam hupatwa na wazo lile lile: twende Zanzibar. Wengi huliacha wanapokumbuka watu wanavyojaa bandarini. Mimi naona wanaliacha bure. Msongamano wa sikukuu una saa zake na mahali pake: bandarini Ijumaa asubuhi na Jumatatu alasiri, bustani ya Forodhani ufukweni baada ya magharibi, na kwenye mashine za kutolea pesa muda wote. Zipangie hizo mapema, na zaidi ya hapo Mji Mkongwe ni mji wa kutembea polepole na watoto mkononi.

Kazi ya kwanza ni tiketi ya kurudi. Naam, ya kurudi kabla ya ya kwenda, kwa sababu kuondoka Dar watu hujigawa: wengine Alhamisi, wengine Ijumaa, wengine Jumamosi, lakini kurudi wote wanataka boti ya alasiri ya Jumatatu ili waifaidi siku mpaka mwisho. Waachie. Boti za mwendo kasi huchukua takriban saa mbili, na ukirudi na ya asubuhi unakuwa nyumbani mchana, nguo zinafuliwa, watoto wanalala mapema, Jumanne haikuumizi. Tiketi nunua mtandaoni au dirishani kwa kampuni yenyewe, wiki kadhaa kabla. Yule kijana anayekufuata getini akikuambia boti imejaa ila yeye anazo mbili, mshukuru na uendelee na safari yako.

Jina kwenye tiketi lifanane na la kwenye kitambulisho. Kwa Mtanzania mtu mzima kitambulisho cha NIDA kinatosha, pasipoti si lazima, na kwa watoto beba nakala za vyeti vya kuzaliwa hata kama hujawahi kuulizwa. Kama mmemwalika ndugu anayeishi ng'ambo mwenye pasipoti ya huko, mwambie mapema: tangu Oktoba 2024 mgeni kutoka nje anatakiwa kununua bima ya safari ya Zanzibar, dola 44 kwa mtu mzima, tena ni ile inayotolewa na Zanzibar yenyewe, hivyo bima aliyokuja nayo haimwondolei wajibu huo. Ni vizuri ainunue akiwa bado nyumbani kuliko kuhangaika na simu kwenye foleni ya uhamiaji pale Malindi, nyuma yake watoto wenu wanaulizana lini mtafika.

Pasaka huangukia mwishoni mwa Machi au Aprili, maana yake masika, na pepo za kusi zinaanza kujitokeza. Kuna siku bahari ni shwari kabisa na kuna siku boti inacheza hadi watu wazima wanashika mifuko. Mtoto asinyweshwe chai nzito ya maziwa na chapati za mafuta saa kumi na moja alfajiri eti ashibe. Mpe kitu kikavu kidogo, mkate au biskuti, chakula chenyewe atakula akifika. Dawa ya kichefuchefu hufanya kazi ikimezwa kabla ya kuondoka, si baada ya tumbo kuvurugika, na dozi ya mtoto muulize mfamasia. Kaeni chini, katikati, kuelekea nyuma ya boti, ambako mtikisiko huwa mdogo. Begi kubwa linawekwa pamoja na ya wenzako na hutaliona mpaka Unguja, kwa hiyo nguo moja ya kubadilisha ya kila mtoto, taulo dogo na maji viwe kwenye mfuko wa mkononi.

Malazi ndiyo sehemu ambayo watu huangalia picha ya kitanda na kusahau kuuliza maswali. Nyumba za Mji Mkongwe zilijengwa lifti hazijulikani. Chumba kizuri chenye kitanda cha samadari na dirisha la kutazama bahari mara nyingi kiko ghorofa ya tatu au ya nne, na ngazi zake za mbao zimesimama kama za kupandia darini. Kama bibi yumo safarini, au mtoto wa miaka miwili anayependa kukimbia, uliza chumba kiko ghorofa ya ngapi, na kama kipo cha chini. Uliza pia gari linafika wapi. Vichochoro vingi haviingii teksi, utashushwa barabarani na kutembea na mabegi, kwa hiyo familia yenye mizigo itafute nyumba iliyo jirani na barabara: upande wa Mizingani, Shangani au Darajani. Uliza bei ni ya chumba au ya kichwa, watoto wanahesabiwaje, na kodi zimo au zinaongezwa mkiondoka. La mwisho ni la usingizi: ukipewa chumba kinachopakana na msikiti, adhana ya alfajiri itawaamsha wote, na mji huu una misikiti kila kona. Kwangu hilo ni sehemu ya kuwa Zanzibar, ila kama una mtoto ambaye akiamka halali tena, omba chumba cha ndani, kinachotazama ua.

Mwenyeji wenu akikubali, pangeni kuingia Alhamisi jioni. Sababu haipo bandarini tu. Ijumaa Kuu ni sikukuu ya Wakristo, lakini Zanzibar bado ni Ijumaa, na kuanzia saa sita hivi mpaka saa nane maduka mengi ya Mji Mkongwe hufungwa watu wakienda kuswali. Familia inayoshuka botini saa tano, ikatua mizigo, ikatoka kutafuta chakula saa saba, itakuta milango imefungwa na watoto wana njaa. Anayejua hilo anakula mapema, au anautumia muda huo kulaza watoto. Angalia pia kalenda ya mwezi. Mwaka 2023 na 2024 Pasaka iliangukia ndani ya Ramadhani, na wakati huo mchana hamtembei mtaani mkila wala kunywa. Hoteli huwahudumia wageni ndani, na mji unachangamka baada ya futari. Kwa mavazi, mwezi wowote, kanga mbili kwenye begi zinatatua mengi: mabega, magoti, na mtoto akilowa.

Wanaotaka ibada ya Pasaka wasihofu, makanisa yapo na yanajaa. Wakatoliki wanalo la Minara Miwili, Shangani; Waanglikana la Mkunazini, lililojengwa pale palipokuwa soko la watumwa mpaka lilipofungwa mwaka 1873. Hilo la pili watu hulitembelea pia kama sehemu ya historia, lakini Jumapili ya Pasaka ni kanisa kwanza, basi kama lengo lenu ni kuona vyumba vya chini na kusikiliza maelezo, nendeni Jumamosi. Fikirini vilevile mtawaambia nini watoto kabla hawajaingia. Wa miaka kumi anaelewa akielezwa. Wa miaka mitano ataona giza tu.

Kwa siku, jambo moja linatosha. Asubuhi moja kisiwa cha Changuu kwenye makobe wakubwa, ambao wa kwanza waliletwa kutoka Shelisheli mwaka 1919. Boti ndogo inachukua kama nusu saa, bei mkubaliane ya boti nzima kwenda na kurudi, na msipande kama hakuna majaketi ya kuokolea ya saizi ya watoto. Asubuhi nyingine Darajani sokoni na Ngome Kongwe. Beit al-Ajaib, lile jumba la kale la masultani, msiiwekee ratiba bila kuuliza kwanza: sehemu yake iliporomoka Desemba 25, 2020 na ikaingia kwenye ukarabati. Mchana ni wa kulala. Mvua ya masika ikipiga, mawe ya vichochoro huteleza, kwa hiyo viatu vyenye soli ya kushika, si ndala mpya za sikukuu. Kwenye mfuko wa kila mtoto wekeni kikaratasi chenye namba ya simu, na mkubaliane kwamba anayepotea anaulizia Ngome Kongwe, ambayo hakuna mwenyeji asiyeijua.

Forodhani nendeni saa kumi na moja jioni. Wengi huja giza likiingia, na hapo huwezi kusukuma mtoto wala kupata pa kukaa. Ukifika mapema unawakuta vijana wa makachu wanajirusha baharini kutoka ukutani, mmoja baada ya mwingine, kwa mbio na mikogo, na watoto wenu hawatataka kitu kingine. Mshike tu mdogo, maana ukuta hauna kizuizi na yeye ameshapata wazo. Kwenye chakula, uliza bei kabla mshikaki haujawekwa kwenye sahani, na chagua kinachopikwa mbele yako: zanzibar piza inayogeuzwa kwenye bati, mishikaki inayotoka motoni, urojo wa moto na pilipili iwekwe pembeni. Samaki na pweza waliopangwa mezani tangu alasiri wanapendeza kwenye picha, ila mimi siwapi watoto.

Pesa toeni Dar. Shilingi ni ile ile, na mashine za Mji Mkongwe siku za sikukuu huwa na foleni, nyingine hukauka kabisa. Noti za elfu moja, mbili na tano zitakusaidia kwa mchukuzi, bajaji na juisi ya miwa kuliko msimbazi, yaani noti ya elfu kumi, usio na chenji. Kitambulisho kaa nacho mfukoni hata mkiwa matembezini, kwa kuwa viingilio vingi vina bei ya mkazi na bei ya mgeni, na lafudhi peke yake si ushahidi.

Manunuzi yafanyeni Jumamosi au Jumapili jioni, si asubuhi ya safari. Karafuu, mdalasini na kashata hazina maneno. Ila ukibeba vitenge kwa jora, runinga au madumu ya mafuta ya kula, jua kwamba mizigo inayotoka Zanzibar hukaguliwa bandarini Dar na unaweza kudaiwa ushuru. Risiti ziwekeni kwenye mfuko wa mkononi pamoja na vitambulisho.