Namna ya Kufundisha Historia ya CNN ya Miaka ya Themanini
Mwalimu wa Mtwara aanze na tarehe 1 Juni 1980, siku ambayo mfanyabiashara Ted Turner alizindua huko Atlanta, Marekani, CNN, kituo cha televisheni cha kutangaza habari saa 24, wakati sisi huku bado tulitegemea redio. Achore ubaoni duara lenye sehemu 24, kisha apake chaki nusu ya sehemu moja tu, ili wanafunzi waone jinsi taarifa ya jioni ya ABC, CBS na NBC, mitandao mikubwa ya televisheni ya Marekani, ilivyokuwa fupi. Kituo dada cha mwaka 1982, CNN2, kitajwe kwa ufupi. Muda mwingi autumie kwa tarehe 28 Januari 1986, kwa kuwa CNN ilikuwa ikirusha matangazo ya moja kwa moja chombo cha anga za juu cha Marekani, Challenger, kilipovunjika angani, sekunde 73 tu baada ya kuruka. Kwa maoni yangu, hapo ndipo penye kiini cha somo, na asiharakishe.